Taka zipepetwe jikoni

Hakuna mkulima wa Bonde la Kilombero anayechanganya mchele na pumba kisha akaketi kuchagua punje moja moja. Mpunga ukishakobolewa, mchele hushika njia yake na pumba zikashika yake, na uchafu mdogo unaobaki humalizwa kwa ungo kabla chungu hakijainjikwa. Hekima hiyo ya kutenganisha mapema, wakati kazi bado ni nyepesi, inatawala chakula chetu kuanzia shambani hadi kwenye sinia. Hukoma pale chakula kinapogeuka kuwa taka. Ganda la ndizi, kikonyo cha mchicha, chicha la nazi, mfuko wa nailoni, chupa ya maji, betri ya redio na nepi ya mtoto huingia shimo moja au kiroba kimoja, na tangu hapo hakuna ungo utakaovitenganisha. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba suala la taka la mji wa Ifakara huamuliwa jikoni, dakika ileile ganda linapodondoka kutoka kwenye kisu, na kwamba chombo cha kuliamulia ni ndoo ndogo yenye mfuniko iliyo karibu na mpishi.

Tuanze na kilichomo ndani ya kiroba. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka ngumu ilionyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka zote ni mabaki ya chakula na majani. Ifakara haina sababu ya kuwa tofauti. Ni mji unaokula ndizi, mihogo, wali, samaki wa mtoni na mboga za majani, vyakula vinavyofika jikoni pamoja na maganda, mashina na magamba yake. Nusu hiyo mbichi ndiyo inayoleta karibu kila kero tunayoihusisha na taka. Maji yaliyomo ndani yake hukifanya kiroba kiwe kizito, na gari la taka huishia kuchoma mafuta likisafirisha maji. Kuoza kwake huita nzi, panya na mbwa wanaochana viroba usiku. Ikifukiwa mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Na ikishagusana na karatasi, chupa na makopo, huvichafua hata mwokota chupa asitake kuvigusa. Taka kavu ikiwa peke yake hainuki, na inaweza kusubiri gari wiki nzima. Taka mbichi ikiwa peke yake ni chakula cha udongo. Tatizo letu linaanza tunapozichanganya, kila moja ikamharibia mwenzake.

Mtu anaweza kuuliza mbona wazee wetu waliishi vizuri na shimo moja uani. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha jambo. Shimo la wakati ule halikuhitaji kuchambuliwa kwa sababu karibu kila kilichotupwa humo kilikuwa kitu cha kuoza: maganda, majivu, majani yaliyofagiwa, kamba ya mgomba, kikapu kilichochakaa. Lilipojaa lilifukiwa, mgomba au mpapai ukapandwa juu yake, na mazao yake yakawa ya kusifiwa na majirani. Lile lilikuwa lundo la mboji, ingawa hakuna aliyeliita hivyo. Tabia za watu hazijabadilika sana tangu hapo. Vilivyobadilika ni vitu vinavyoingia shimoni. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 imepunguza mzigo, lakini vifungashio, chupa, nepi na pakiti za kila namna vimebaki. Mji nao unabana. Tangu Daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018 na kuunganisha Ifakara na ng'ambo ya Ulanga na Malinyi bila kusubiri kivuko, shughuli zimeongezeka, na viwanja vingi vya mjini havina tena pembe ya kuchimba shimo jipya kila la zamani linapojaa. Aliyekuwa na shimo moja kwa taka za aina moja leo ana taka za aina mbili, na pa kuchimba hana. Kutenganisha ndiyo njia ya kulirudisha shimo la wazee katika zama za plastiki.

Wala maarifa yenyewe hayakuletwa na wageni. Wamatengo wa Mbinga wana kilimo cha ngoro: hufyeka nyasi, huzipanga kwa miraba juu ya mteremko, huzifunika kwa udongo, na nyasi hizo zikioza hulisha mahindi na maharage mahali ambapo mvua ingekwisha kukomba kila kitu. Wachagga wamelisha vihamba vyao kwa samadi ya ng'ombe wa zizini na majani ya migomba kwa vizazi vingi. Hapa mkoani Morogoro shirika la kilimo endelevu la SAT, na jarida la Mkulima Mbunifu linalosomwa na wakulima nchi nzima, vimekuwa vikifundisha utengenezaji wa mboji kwa zaidi ya miaka 10. Dunia nayo inaelekea hukohuko. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula kwenye madampo mwaka 2005, Ufaransa tangu tarehe 1 Januari 2024 inataka kila mkazi apatiwe njia ya kutenganisha mabaki ya jikoni, na Kenya ilitunga mwaka 2022 sheria inayotaka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Sisi hatukuchelewa kutunga sheria. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa ziweke utaratibu wa taka za aina mbalimbali kutunzwa mbalimbali. Miaka 20 imepita na ushei. Sheria ipo kwenye kabati la ofisi. Jikoni hakuna chombo.

Chombo hicho ni kipi? Katika nchi za baridi huuzwa vyombo maridadi vya kuweka juu ya meza ya jikoni, vyenye kichujio cha mkaa cha kunyonya harufu, na familia huweza kuvijaza kwa siku nyingi. Ifakara haihitaji hicho, wala hakitafaa. Joto la mchana hapa hupita nyuzi 30, na ganda la embe lililokaa siku tatu ndani ya chombo kilichofungwa haliheshimu kichujio cha mtu. Kinachofaa ni ndoo ya plastiki ya lita 5 yenye mfuniko wake, iliyo karibu na mafiga au jiko la mkaa, pale mpishi anapoketi na mbuzi yake ya kukunia nazi. Udogo wake ni wa makusudi. Ndoo ya lita 20 humshawishi mtu aahirishe kuimwaga mpaka ijae, na siku ya kujaa ndiyo siku ya funza. Ndoo ndogo hudai kumwagwa kila siku au kila baada ya siku moja, kabla uozo haujaanza kunuka. Huingia humo maganda ya ndizi, viazi na mihogo, vikonyo vya mboga, machicha ya nazi, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa na nyanya iliyoharibika. Haviingii mchuzi, mafuta, mifupa wala matumbo ya samaki, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoita panya. Matumbo ya kambale na perege yafukiwe yenyewe, chini kabisa, kwenye shina la mgomba. Ikishamwagwa, ndoo isuuzwe na kuanikwa juani kifudifudi.

Dawa ya kuizuia ndoo hiyo isinuke Ifakara inayo kwa wingi ambao miji mingi nchini haina, nayo imelundikana nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Takriban sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga ni ganda lake, kwa hiyo mpunga wa kilo 100 ukikobolewa huacha pumba ngumu za karibu kilo 20. Sehemu ya pumba hizo huchomea matofali, na nyingine huachwa zifukute moshi zikiwa zimelundikwa. Sasa tazama zinachoweza kufanya jikoni. Vijidudu vinavyoozesha mboji huhitaji kaboni sehemu 25 hadi 30 hivi kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Maganda ya mboga yana naitrojeni ya kutosha na maji ya kupita kiasi, ndiyo maana yakiachwa peke yake hugeuka uji unaonuka. Pumba na majani makavu yana kaboni tele na ni makavu. Konzi moja ya pumba chini ya ndoo, na konzi nyingine kila maganda yanapotiwa, hunyonya unyevu, huwanyima nzi mahali pa kutaga, na hupeleka kwenye lundo mchanganyiko ulioanza kusawazika tangu jikoni. Ni kweli kwamba pumba za mpunga huoza polepole kwa sababu ya silika iliyomo ndani yake, hivyo zichanganywe na mabua ya mpunga au majani yaliyofagiwa uani. Lakini ugumu huohuo huacha nafasi za hewa katikati ya lundo, na lundo lenye hewa halinuki. Taka ya mashine na taka ya jikoni, kila moja kero kwa mwenyewe, zikioana huzaa kitu cha maana.

Kuoza kwenyewe hufanyika uani. Lundo la mita moja kwa mita moja, lenye kimo cha mita moja, linatosha kaya kubwa au kaya mbili tatu zinazoshirikiana. Maganda ya ndoo humwagwa katikati na kufunikwa papo hapo kwa majani makavu au udongo kidogo. Unyevu wake hupimwa kwa mkono: ukikamata konzi na kuikamua, itoke tone moja au mawili, isitiririke. Fimbo ndefu ikichomekwa hadi katikati na kuchomolewa baada ya muda hueleza hali ya ndani. Ikitoka na joto, kazi inaendelea, na ikitoka baridi na kavu, lundo linataka maji na kugeuzwa. Lundo kubwa lililopangwa vizuri hufika nyuzi 55 na zaidi, joto linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi. Lundo dogo linaloongezwa kidogo kidogo kwa ndoo pengine halitafika hapo, na ndiyo sababu nyingine ya kutotia humo vinyesi vya watu, nyama wala mimea yenye magonjwa. Kwa joto la bonde hili, likigeuzwa kila baada ya wiki mbili, miezi mitatu hivi humtosha mwenye lundo kupata mboji nyeusi inayonukia kama udongo wa msituni.

Pingamizi linalosikika haraka ni harufu, nzi, panya na nyoka. Halipaswi kupuuzwa, kwa kuwa lundo lililotelekezwa huleta vyote hivyo. Lakini tulinganishe na kilichopo, tusilinganishe na uani wa kufikirika usio na taka. Maganda yale yale leo yapo shimoni au kwenye kiroba, wazi, yakiwa yamelowana na kuchanganyika na mafuta na mabaki ya samaki. Ndoo haiongezi hata ganda moja katika nyumba. Inalihamisha tu kutoka mahali linapooza bila mpango na kulipeleka mahali linapooza kwa mpango. Mfuniko, konzi ya pumba na kutengwa kwa mifupa na mafuta huondoa sehemu kubwa ya sababu zinazowaleta panya, na panya wakipungua, nyoka anayewafuata hupungua. Anayeshindwa kufunika lundo lake hakushindwa kwa sababu mboji ni mbaya, kama ambavyo chakula kilichoungua hakithibitishi ubaya wa moto.

Ifakara ina haki ya kuuliza pia kuhusu mbu na maji, kuliko mji mwingine wowote. Huu ndio mji ambako Waswisi walianzisha mwaka 1957 maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na malaria imechunguzwa hapa kwa miongo mingi. Mbu wa aina ya Anofelesi, anayeeneza malaria, hazaliani kwenye lundo la mboji, kwani anahitaji maji yaliyotuama kama ya majaruba na madimbwi. Wa kuangaliwa ni wengine wawili: mbu wa Kuleksi, anayependa maji machafu ya mashimo na vyoo, na Aedesi, mwenye kueneza homa ya dengi, anayetaga hata kwenye kifuu cha nazi kilichokinga mvua. Ndiyo sababu ndoo huanikwa kifudifudi, na vifuu havitupwi kwenye lundo vikiwa vimetazama juu. Kuhusu mafuriko, anayeujua Mto Lumemo hahitaji kuambiwa kwamba shimo wakati wa masika hugeuka kisima cha uchafu. Kwa hiyo mboji ya Ifakara isitengenezwe shimoni. Ijengwe juu ya ardhi, kwenye sehemu iliyoinuka, juu ya kitanda cha matawi, na ifunikwe kwa majani ya migomba au nyasi ili mvua zisioshe rutuba yake. Tusidai pia zaidi ya ukweli. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1997 Ifakara ulichunguzwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliuhusisha na kuoga mtoni, umbali mrefu wa kufuata maji na kula samaki wakavu. Ndoo ya maganda si badala ya maji safi, na atakayeiuza kwa ahadi hiyo anadanganya.

Wenye mifugo nao watasema hawana maganda ya kumwaga, maana mbuzi, kuku na nguruwe wameshayamaliza. Hao wako mbele yetu. Ganda linalogeuka yai au nyama limepata matumizi bora kuliko linalogeuka mboji, na utaratibu wowote wa maana utaanza na mifugo. Lakini hata mfugaji anafaidika na ndoo, kwa sababu mbuzi aliyemeza mfuko wa nailoni pamoja na ganda la muhogo ni hasara ambayo kutenganisha kungeizuia. Na vipo vitu ambavyo mifugo haivitaki, kama majani ya chai na ganda la limau. Kinachobaki baada ya mifugo kula, pamoja na samadi yake, huingia kwenye lundo, na samadi hiyo hulifanya lipate moto haraka zaidi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mkulima anayepiga hesabu. Tuipige pamoja naye. Tuchukulie kaya ya watu 5 inatoa kilo moja na nusu ya mabaki mabichi kwa siku. Kwa mwaka ni karibu kilo 550. Yakioza hubaki theluthi moja hivi, tuseme kilo 180 za mboji, na tukiikadiria naitrojeni yake kuwa asilimia moja, tunapata kilo 2 pungufu kidogo. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kazi ya mwaka mzima ya ndoo haifiki hata sehemu ya kumi ya mfuko mmoja. Kwa hiyo anayewaambia wakulima wa mpunga wa Mngeta au Mbingu waache mbolea ya ruzuku wategemee maganda ya ndizi anawatania. Mboji ya jikoni ni ya bustani. Kilo hizo 180, zikitandazwa kilo 3 kwa kila mita ya mraba, hutosha matuta 6 yenye upana wa mita moja na urefu wa mita 10, nayo ni mchicha, matembele na bamia kwa nyumba nzima, kwenye udongo unaoshika maji kuliko zamani. Kisha tuzigeuze kilo zilezile tuzitazame upande wa mji. Kaya 1,000 zikitenga kilo moja na nusu kwa siku, ni tani moja na nusu kila siku, tani 550 kwa mwaka, ambazo hakuna gari litakalozibeba, hakuna dampo litakalozipokea na hakuna mbwa atakayezitawanya barabarani. Kilichoonekana kidogo shambani ni kikubwa mno barabarani. Anayeipima ndoo kwa kipimo cha urea peke yake amekosea mizani.

Kuna pingamizi jingine ambalo wanaume wengi waandikao kuhusu mazingira hulipita kimya: nani ataibeba ndoo hiyo? Jikoni wapo akina mama, mabinti na dada wa kazi, na kila kampeni ya usafi huishia kuwa kazi mpya juu ya migongo yao. Kutia ganda kwenye ndoo badala ya kulitupa chini hakuongezi kazi, kunapunguza kufagia. Kinachoongezeka ni kumwaga ndoo, kugeuza lundo na kuleta pumba kutoka mashineni, na hizo ni kazi ambazo baba na vijana wa kiume wa nyumba wanaziweza bila kufundishwa. Utaratibu usiotamka hivyo waziwazi utakufa ndani ya miezi miwili, na utakuwa umestahili kufa. Wapangaji nao, familia tano katika nyumba moja yenye ua mmoja, hawawezi kila mmoja kuwa na lundo lake. Kwao ndoo ibaki ya kila chumba na lundo liwe la nyumba nzima au la mtaa, kwenye eneo la shule au bustani ya kikundi kinachohitaji mboji.

Wengine husema hayo yote ni mazuri ila watu wetu hawabadiliki. Historia ya nchi hii, na ya bonde hili hasa, inakataa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Na hapa hapa Kilombero na Ulanga, kuanzia mwaka 1997, mradi wa KINET uliuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu, kupitia maduka na mawakala wa vijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet ulihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka 4. Ndoo haiokoi maisha kama chandarua, lakini njia ya kuifikisha nyumbani ni ileile: kitu kidogo, cha bei nafuu, kinachopatikana dukani karibu, kinachoelezwa na jirani anayeaminika. Waliojifunza kufunga chandarua kila usiku hawatashindwa kufunika ndoo.

Sharti lipo, na linaihusu Halmashauri ya Mji wa Ifakara. Mwananchi akitenganisha jikoni kisha gari likachanganya barabarani, hatatenganisha mara ya pili. Jijini Dar es Salaam, wananchi wa Bonyokwa, wakisaidiwa na asasi ya Nipe Fagio, wana ushirika wa wakusanya taka unaochukua nyumba kwa nyumba taka zilizotengwa tayari. Manispaa ya Kinondoni nayo, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga Mabwepande kiwanda cha mboji kinacholenga hasa taka za masoko. Ifakara haihitaji kiwanda ili kuanza. Inahitaji sheria ndogo inayompunguzia ada ya taka anayetoa taka kavu tupu, makubaliano na wenye mashine ili pumba zichukuliwe bure badala ya kuchomwa, na mitaa miwili ya majaribio kwa mwaka mmoja, huku kiroba kikipimwa kwa mizani kabla na baada. Soko, mama lishe, shule za bweni na majiko ya hospitali yaingizwe tangu siku ya kwanza, kwani jiko moja la shule hutoa maganda ya kaya nyingi, na mizani ikionyesha nimekosea, gharama ya kosa hilo itakuwa ndogo.

Mengi katika usafi wa mji yanangoja bajeti: magari, dampo la kisasa, mitaro. Hili halingoji. Kesho alfajiri, katika nyumba nyingi za Ifakara, mtu atamenya mihogo ya kunywea chai, na maganda yatadondoka kama yalivyodondoka leo. Yadondokee ndani ya chombo chake. Gharama yake ni ndoo moja yenye mfuniko, na konzi ya pumba ambazo leo zinateketea bure nyuma ya mashine.